Inasubiri Nini? Kijitabu kwa watumiaji wa kompyuta ofisini, shuleni na kwenye steshenari za Kasulu na Kibondo

Kwanza, usibofye tena. Umebofya aikoni ya Word mara moja, kiduara kinazunguka, dirisha halijaja, na kidole kinakuwasha ubofye mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kompyuta ilisikia tangu mara ya kwanza. Kila mbofyo unaoongeza ni agizo jipya linalosimama kwenye foleni ileile. Ndiyo maana baada ya dakika mbili madirisha manne yanafunguka kwa mpigo, na mteja aliyeleta barua yake ichapwe ameshavuka barabara kwenda steshenari ya jirani.

Kijitabu hiki ni cha watu wanaoishi na kero hiyo kila siku: mwalimu anayetunga mtihani wa mwezi, mtendaji wa kata anayeandika muhtasari wa kikao, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa anayejaza orodha ya wanachama kwenye Excel, na vijana wa kike na wa kiume wanaoendesha steshenari karibu na ofisi za halmashauri. Kero ikizidi, wengi huamua moja kati ya mawili. Ama wanamwambia fundi, "Windows ya hii mashine imechoka, nipigie nyingine," ama wanaanza kuchanga hela za kununua kompyuta mpya. Mara nyingi maamuzi yote mawili yanakula fedha na tatizo linabaki palepale, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Programu inayochelewa kufunguka, muda mwingi inakuwa imekaa inasubiri. Inasubiri nini?

Nyuma ya kile kiduara

Word si faili moja, wala Excel, wala LibreOffice. Ukibofya aikoni, mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au macOS, unaanza kukusanya mamia ya vipande: maktaba za programu, fonti, kamusi za kusahihisha maneno, violezo, picha za vitufe, mipangilio uliyoiacha jana. Unavipandisha kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM, na kuviunganisha ili vifahamiane. Vipande hivyo havikai pamoja. Vimetawanyika kwenye diski kufuatana na siku vilipowekwa na nafasi iliyokuwepo siku hiyo.

Hapo aina ya diski ndiyo inayoamua. Kompyuta nyingi za mtumba bado zina diski ya kuzunguka: ndani yake mna sahani za duara na mkono mwembamba unaosoma. Kwenye kompyuta mpakato nyingi za kizazi hicho sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Mkono ukitakiwa kusoma kipande fulani, kwanza unahama hadi kwenye njia yake, kazi ya milisekunde kama 12. Kisha unasubiri sahani ilete kipande hicho chini yake, kwa wastani nusu mzunguko. Jumla inafika milisekunde 17 kwa kipande kimoja. Peke yake si kitu. Zidisha sasa: vipande 1,000 vilivyotawanyika ni sekunde 17 za mkono kwenda na kurudi. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Husoma kipande cha namna hiyo kwa sehemu ya kumi ya milisekunde hivi, na vipande 1,000 vilevile vinakwisha kabla sekunde moja haijakatika.

Waliowahi kufanya kazi halmashauri wataielewa diski ya kuzunguka mara moja: ni masijala yenye karani mmoja anayetumwa jalada moja moja, aende rafu ya mwisho, arudi, aende rafu ya kwanza, arudi. Sasa hesabu wanaomtuma. Asubuhi mashine inapowaka, antivirasi inataka kukagua, Windows inatafuta masasisho yake, programu ya mazungumzo uliyoiweka mwaka juzi inajifungua yenyewe, na wewe umebofya Word. Wote wanamtuma karani huyohuyo. Ndiyo maana Word ya saa mbili asubuhi ni nzito kuliko Word ya saa tano, mashine ileile na programu ileile.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Kwenye Windows 8 na zilizofuata, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati Word inahangaika, kisha tazama safu ya Disk na safu ya CPU. Disk ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku CPU ikichezea kwenye 10 au 15, prosesa yako haina kosa. Imekaa inangoja kuletewa kazi.

Pima mara mbili

Kabla ya kumwita fundi, pima. Kinachohitajika ni saa ya simu na kipande cha karatasi.

Anza kwa kuchagua "Restart", usichague "Shut down". Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida kwenye mashine nyingi hakuzimi kabisa. Windows huhifadhi sehemu ya kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Mashine ikishawaka ingia, iache itulie dakika tano, kisha fungua Word huku ukihesabu tangu kubofya mpaka uweze kuandika herufi ya kwanza. Andika namba. Funga Word, ifungue tena papo hapo, hesabu, andika namba ya pili.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha njia. Mifumo endeshi yote mitatu tuliyoitaja ina tabia moja nzuri: ikishasoma faili kutoka kwenye diski haiitupi, huiacha kwenye RAM maadamu nafasi ipo. Unapofungua mara ya pili, vipande tayari viko juu na mkono wa diski haufanyi safari tena. Kwa hiyo kama mara ya kwanza ilikuwa sekunde 40 na ya pili sekunde 5, programu haina ugonjwa na Windows haijachoka. Diski ndiyo nzito. Kama mara zote mbili ni sekunde 40, kununua diski mpya hakutakusaidia sana, kwa kuwa kuna kitu kingine kinachosubiriwa, nacho kinasubiriwa upya kila unapofungua. Na kama mara ya pili ni nafuu kidogo tu, tuseme 40 ikashuka hadi 30, ishuku RAM. Imejaa kiasi kwamba kilichosomwa sasa hivi kinafukuzwa kupisha kingine.

Kuhusu RAM tuseme machache. Windows 11 inataka GB 4 kwa uchache, na programu za Microsoft 365 nazo zinataka GB 4. LibreOffice imeandikiwa uchache wa MB 256, na inapendekeza 512, lakini huo ni uchache wa kuiwezesha kuwaka tu. Mashine ya GB 2 yenye Windows 10, antivirasi na kivinjari kilichofunguliwa kurasa kumi huwa imeshajaa kabla hujaandika neno. RAM ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na tunarudi kwa karani yuleyule.

Acheni kufuta folda ya Prefetch

Kuna ushauri unaozunguka sana mitaani na kwenye video za simu: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika prefetch, futa vyote, andika temp, futa vyote, andika %temp%, futa vyote. Kufuta yaliyomo kwenye temp hakuna neno. Kufuta Prefetch kunaharibu kile hasa unachokitaka.

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, Windows hutazama sekunde za mwanzo za kila programu inapofunguka. Huandika ni vipande gani programu hiyo iliviomba, na orodha hiyo ndiyo huwekwa kwenye folda ya Prefetch. Safari inayofuata, badala ya mkono wa diski kutumwa huku na kule kipande kimoja kimoja, vipande huletwa pamoja kwa mpangilio wenye safari fupi. Ukiifuta orodha, Windows inalazimika kujifunza upya, na mfunguo unaofuata unakuwa mzito zaidi. Tunajua mafundi wengi hufanya hivi kwa nia njema, wakimwonyesha mteja kwamba mashine imesafishwa. Tunawaomba waache.

Windows Vista iliyotoka mwaka 2007 iliongeza hatua nyingine: ikaanza kujifunza unatumia programu gani na wakati gani, ili iipandishe kwenye RAM kabla hujaiomba. Kwenye Windows 10 huduma hiyo inaitwa SysMain. Kwenye mashine ya diski ya kuzunguka inaweza kuishughulisha diski kwa dakika kadhaa baada ya kuwasha, na watu huizima kwa hasira. Ukiwa na mazoea ya kuwasha mashine kisha ukafagia ofisi au kupanga karatasi kabla ya kuanza kazi, iache. Itakuwa imekutangulizia kazi.

Kusubiri asiyekuwepo

Sehemu hii tunaomba isomwe taratibu, kwa sababu inawahusu watu wa Kasulu na Kibondo kuliko wa miji mingine mingi.

Wilaya hizi zimepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo kadhaa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Nduta iko Kibondo. Mtendeli, iliyokuwa Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Kambi huja na mashirika, mashirika huja na ofisi, na ofisi huja na kompyuta. Mradi unapofika mwisho, vifaa vinaweza kugawiwa shule, kukabidhiwa taasisi nyingine au kuuzwa. Kompyuta iliyotoka katika ofisi ya namna hiyo inaweza kuwa mashine nzuri kuliko nyingine ya bei ileile. Lakini huenda bado inaikumbuka ofisi yake ya zamani.

Ofisi kubwa huziweka kompyuta zake chini ya seva. Seva ndiyo inayotambua majina ya watumiaji, inayotunza folda ya pamoja yenye herufi kama Z, inayogawa violezo vya barua na inayojua printa iko wapi. Ofisi ikifungwa seva inaondoka, ila hakuna anayeiambia kompyuta. Basi kila ukifungua Word, kompyuta inaulizia folda ya violezo iliyokuwa kwenye seva, na kuitafuta printa iliyokuwa kwenye korido ya jengo ambalo leo ni la watu wengine.

Ubaya ni kwamba mtandao haumjibu "hapana" anayemtafuta asiyekuwepo. Unanyamaza. Na kwa kuwa kimya kinaweza pia kuwa cha mtu aliye mbali au mwenye shughuli, kompyuta imeagizwa kuvumilia kwa muda fulani kabla ya kukata tamaa. Kwenye Linux, kwa mfano, kulitafuta jina la mashine kwenye seva ya majina husubiriwa sekunde 5, na likikosa jibu hurudiwa mara nyingine, kama hujabadili mipangilio. Ikiwa programu moja inauliza mambo mawili au matatu ya namna hiyo, nusu dakika imekwenda na diski imelala, prosesa imelala. Huu ndio ule ucheleweshaji unaobaki vilevile mara ya kwanza na mara ya pili, na hauponi hata ukiweka SSD.

Anzia kwenye printa. Word inataka kujua ukubwa wa karatasi na pambizo za printa ya kawaida ili ichore ukurasa sawasawa, kwa hiyo huihoji mapema. Printa hiyo ikiwa ni ya mtandao na haipo, au imezimwa, Word inaningʼinia. Kwenye Windows 10 ingia kwenye mipangilio ya printa, ondoa alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu Windows ikuchagulie printa, kisha ifanye "Microsoft Print to PDF" kuwa printa ya kawaida. Pima tena. Muda ukishuka kwa kishindo, mkosaji umempata, na printa za ofisi ya zamani zifutwe zote.

Halafu fungua "This PC" uangalie kama kuna diski zenye alama nyekundu ya X. Hizo ni folda za seva iliyokwenda zake, zikate. Ndani ya Word yenyewe, pita File, Options, Advanced, shuka chini kabisa hadi File Locations, utazame kama kuna njia inayoanza na mikwaju miwili ya nyuma na jina usilolijua. Hiyo ni anwani ya kompyuta nyingine, na kwa mashine iliyohama ofisi haina kazi tena.

Kuitoa mashine kabisa katika himaya ya seva ya zamani ni kazi ya fundi, na tunasisitiza jambo moja: kabla ya kuitoa, itengenezwe akaunti ya msimamizi iliyo ndani ya mashine yenyewe, yenye nywila mnayoijua, na mjaribu kuingia nayo. Mashine ikitolewa bila akaunti hiyo mtafungiwa nje, na mtu atasema dawa ni kupiga Windows upya, na mafaili yaliyokuwemo yatapotea bure.

Intaneti nayo husubiriwa. Matoleo mapya ya programu za Microsoft hupenda kuthibitisha akaunti na kuulizia mafaili yaliyo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Bando likiwa limeisha kabisa si tatizo kubwa, kwa kuwa kompyuta inajua hakuna mtandao. Tatizo ni mtandao uliopo nusunusu: modemu inaonyesha imeunganishwa lakini data haipiti. Zima Wi-Fi, pima, washa, pima. Ikiwa Word inafunguka haraka zaidi bila mtandao, umepata jibu bila kutumia hata shilingi.

Na kuna nyongeza, zile programu ndogo zinazojipachika ndani ya Word: ya kutengeneza PDF, ya kutuma kwa Bluetooth, ya kusahihisha Kiingereza. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukibofya aikoni ya Word. Itakuuliza kama unataka kuifungua katika hali salama, ikubalie. Ikifunguka upesi, nyongeza mojawapo ndiyo mzigo. Nenda kwenye Options, Add-ins, uzime moja baada ya nyingine. LibreOffice nayo ina hali salama kwenye menyu ya Help tangu mwaka 2017. Humo kwenye LibreOffice, Tools, Options, Advanced, unaweza pia kuzima Java. Hasara yake ni ndogo, kwa sababu kazi kubwa inayoihitaji ni ya hifadhidata za Base na wasaidizi wachache.

Hatuwezi kupita bila kusema kuhusu Office ya kukraki. Ile programu ndogo inayodanganya leseni mara nyingi huja na virusi, na hata isipokuja navyo huifanya Windows Defender ipambane nayo kila mashine inapowaka. Mwenye mashine huona uzito tu, wala hajui kuna vita ndani. LibreOffice ni bure na ni halali, na shule haina sababu ya kuweka kumbukumbu za watoto kwenye programu ambayo hakuna ajuaye imetengenezwa na nani.

Windows, Linux au Mac?

Watu hutuuliza mfumo upi una haraka. Jibu lina historia, na sehemu yake ni ya kwetu.

Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilinunua programu ya ofisi ya Kijerumani iliyoitwa StarOffice. Mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wake kwa umma, na mwaka 2002 OpenOffice.org 1.0 ikatoka. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: menyu, vitufe na maonyo yote kwa Kiswahili. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waandishi wa msimbo wa OpenOffice ilijitenga na kuanzisha LibreOffice, ndiyo inayotumika leo. Tangu enzi za mwanzo lalamiko lilikuwa hilohilo: OpenOffice inachelewa kufunguka, Word haichelewi.

Lalamiko lilikuwa na ukweli, lakini ulinganisho haukuwa wa haki. Word ilikuwa inatumia vipande vingi ambavyo Windows ilikwisha kuvipandisha kwa matumizi yake yenyewe, wakati OpenOffice, iliyotengenezwa iendeshwe kwenye mifumo yote, ilibeba vifaa vyake vyote mgongoni. Tena, matoleo ya Office ya miaka ya 1997 hadi mwanzoni mwa 2000 yaliweka kiwashio kidogo kwenye orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na Windows. OpenOffice ikajibu kwa kiwashio chake, kile kinachokaa pembeni mwa saa. Mwaka 2025 Microsoft ilirudia wazo hilo kwa Word kwa jina la Startup Boost, na safari hii huwashwa tu kwenye mashine yenye RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 5 kwenye diski. Viwashio hivi havipunguzi kazi. Vinahamisha kusubiri kwako kutoka saa ya kubofya kwenda saa ya kuwasha. Mwenye RAM ya kutosha anafaidi. Mwenye GB 2 ananyangʼanywa nafasi hata siku asiyoigusa Word. Kwake tunashauri azime kiwashio chochote anachokiona.

Kwenye Linux kulikuwa na uzito mwingine. LibreOffice imeundwa kwa maktaba nyingi, na kila moja ina maelfu ya majina ambayo lazima yapatanishwe programu inapopanda. Mwaka 2006 Linux ilipata njia mpya ya kuyatafuta majina hayo haraka, na hali ikawa bora zaidi. Leo mtumiaji wa Ubuntu anayeona LibreOffice inasuasua aangalie kwanza ameiweka kwa njia gani. Ile inayokuja kama kifurushi cha snap hukaa imebanwa kwenye diski na hufumuliwa inaposomwa, kwa hiyo mfunguo wa kwanza huwa mrefu kwenye mashine dhaifu. Iliyowekwa kwa apt haina mzigo huo.

Mac ni chache huku. Inatosha kujua kwamba programu iliyopakuliwa hukaguliwa mara ya kwanza inapofunguliwa, na ukaguzi hurudi baada ya sasisho kubwa. Usiizime katikati.

Msimamo wetu ni huu: kubadili mfumo endeshi hakubadili diski. Ukiitoa Windows ukaweka Linux Mint juu ya diski ileile ya kuzunguka, mashine itapumua kwa upande wa RAM, lakini LibreOffice ya asubuhi itaendelea kumtuma karani yuleyule. Sababu nzuri za kuhamia Linux zipo, na kubwa ni hii: Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ikiwemo chipu ya TPM 2.0. Office 2016 na 2019 nazo zilifikia mwisho siku hiyohiyo. Atakayehama ajue kwamba barua zilizoandikwa kwa Times New Roman zitaonyeshwa kwa fonti ya Liberation Serif, yenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari haitavunjika ovyo. Lakini fomu za Excel zenye makro azijaribu kwanza kabla ya kuaga Windows.

Umeme

Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla ya umeme wa gridi ya Taifa kufika ukipitia Nyakanazi. Mashine nyingi zinazotumika leo zilipitia miaka hiyo ya kuzimika ghafla. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, faili linaweza kubaki nusu, na baadhi ya sehemu za sahani huharibika. Diski ya kuzunguka ikikutana na sehemu mbovu haikati tamaa. Hujaribu kuisoma tena na tena, wakati mwingine kwa sekunde nyingi, na mashine yote inaganda. Ukisikia diski inagonga tik-tik, au Word inafunguka sekunde 10 leo na dakika mbili kesho bila sababu, usipime tena wala usifute chochote. Nakili mafaili yako siku hiyohiyo kwenye diski ya nje, ndipo umwite fundi akague afya ya diski. Kompyuta ya mezani bila UPS, na kompyuta mpakato yenye betri iliyokufa, ziko kwenye hatari moja.

Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, huziba feni na kuifanya prosesa ipunguze kasi ili isiungue. Kwa kufungua Word si sababu kubwa. Feni isafishwe hata hivyo kabla ya mvua kuanza.

Hela zikipatikana

Kama kipimo chako cha mara mbili kimeonyesha diski, nunua SSD kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mashine ya ofisi inayoandika barua na orodha, GB 240 zinatosha na kubaki, na ya inchi 2.5 inaingia kwenye kompyuta mpakato nyingi za miaka ya 2010 na kwenye kompyuta za mezani pia. RAM ifuate, kutoka GB 2 au 4 hadi 8, kama mashine inapokea. Prosesa usiiwaze.

Mpe fundi ile karatasi yenye namba mbili kabla hajaifungua mashine, na umwambie umeshajaribu nini: printa, mtandao, hali salama. Mwulize kama atanakili diski nzima kama ilivyo au atapiga Windows upya. Kunakili kunabakiza kila kitu, pamoja na kumbukumbu za seva ya zamani kama hazikuondolewa. Kupiga upya kunaanza safi, lakini mafaili lazima yawe yametolewa kwanza, pamoja na yaliyofichika kwenye Desktop na Downloads, ambako wengi wetu huhifadhi kila kitu.

Diski ya zamani irudishwe kwako. Ihifadhi miezi michache mpaka utakapohakikisha hakuna orodha wala mtihani uliosahaulika humo. Ikifika siku ya kuiuza, ifutwe yote kwa programu ya kufutia diski, kwa sababu kubofya "Delete" huliondoa jina la faili tu, na majina ya wanafunzi, alama zao na namba za simu za wazazi yanabaki yakisomeka kwa atakayeinunua.